Samaki Hapandi Ngazi

Samaki ameumbwa kwenda mbele. Sijasomea viumbe wa majini, lakini nimewapara na kuwakaanga wa kutosha kujua pua iko wapi na mkia uko wapi, na vyote viwili vimepangwa kwa safari ya kwenda kule, si ya kwenda juu. Ukitaka kumjengea nyumba, busara ingekuambia uirefushe upande anaoelekea. Tatizo ni kwamba samaki haulizwi. Nyumba yake inaagizwa na mwanamume mwenye sebule, na mwanamume mwenye sebule anataka kitu ambacho mgeni atakiona kabla hajamaliza kuvua viatu.

Ndiyo maana kwangu pana tangi la samaki lenye sentimita 60 kwa 60 kitakoni, na sentimita 120 kwenda juu. Chini yake kuna meza ya chuma ya nusu mita. Ukijumlisha, ukingo wake unanifika kwenye paji la uso, na mimi si mfupi. Urefu wangu nitaurudia, kwa sababu ndio ulioniponza.

Mume wangu, Baba Nuru, aliona picha. Ilikuwa ya lile tangi lililokuwa hotelini mjini Berlin, mnara wa akriliki wenye lita milioni 1 za maji, samaki wapatao 1,500, na lifti ya abiria ikipanda katikati yao. Alinionyesha picha hiyo wakati nakunja nguo. Akanionyesha tena wakati nachambua mchele. Nami nikafanya alichopaswa kufanya yeye: nikatafuta habari zake. Tangi hilo lilipasuka tarehe 16 Desemba 2022, kabla hakujapambazuka. Maji yakang'oa milango yakatoka hadi barabarani, watu wawili wakaumia, na karibu samaki wote wakafa.

Nikampelekea. Akasoma mpaka mwisho, akanirudishia simu, akasema, "Lile lilikuwa la akriliki, la maji ya chumvi. Letu litakuwa la kioo, la maji baridi."

Kana kwamba maji baridi yamefundwa adabu.

Fundi wa vioo alipokuja kupima, nilitegemea nimepata mwenzangu. Ni mtu mzima, mpole, kazi yake ya kila siku ni madirisha ya alumini. Alisikiliza vipimo, akanyamaza, akaniangalia mimi badala ya mwenye tangi. "Mama," akasema, "maji hayajali upana. Yanajali kimo. Kila unavyopanda juu, ndivyo yanavyosukuma kule chini." Akataka kioo cha milimita 19. Baba Nuru akafurahi, kwa sababu mwanamume akiambiwa kitu chake kinahitaji kioo kinene kuliko cha jirani huona amepandishwa cheo.

Aliyeniumiza zaidi ni Nuru mwenyewe, ambaye yuko kidato cha tatu na anasoma fizikia. Alichukua daftari akapiga hesabu. Tangi likijaa hadi ukingoni lina lita 432, yaani kilo 432 za maji. Hilo tulilitegemea. Lakini kila kioo kimoja, kati ya vinne vya pembeni, kinasukumwa kwenda nje kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 432 hizohizo. Ni kama maji yote yameegemea ukuta mmoja, halafu yakaegemea na wa pili, na wa tatu, na wa nne, kwa wakati mmoja. "Sasa Baba," mtoto akaendelea, "ukifanya maji yaleyale, lakini tangi liwe refu la kulala, sentimita 120 kwa 60 na kimo cha 60, kioo kikubwa kabisa kinapata nusu ya nguvu hiyo. Na sehemu ya juu inayogusana na hewa inakuwa mara mbili. Samaki wanapumua vizuri zaidi."

Yote niliyokuwa nayasema yalikuwa pale kwenye daftari, kwa kalamu ya bluu. Baba Nuru alimsikiliza binti yake kwa heshima zote, kisha akamwambia akasome.

Likajengwa. Kioo peke yake ni zaidi ya kilo 150. Ukiongeza maji unakaribia kilo 600 kabla hujaweka jiwe wala mchanga, na zote zimekanyaga eneo ambalo mtu akisimama na begi lake limejaa. Namshukuru Mungu tunakaa nyumba ya chini. Mwenye nyumba alipokuja kuchukua kodi alilizunguka kimyakimya, akagonga sakafu kwa kisigino, kisha akauliza kama tuna mpango wa kukaa muda mrefu. Sikujua anatamani jibu lipi.

Kisha kikaja kipindi ambacho sikuwa nimeandaliwa kukikabili. Kumbe tangi jipya haliwekwi samaki siku hiyohiyo. Uchafu wa samaki na chakula kinachooza hutoa amonia, na amonia ni sumu. Wapo bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wapo wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ina unafuu na hupunguzwa kwa kubadilisha maji. Bakteria hao huchukua wiki 4 hadi 6 hivi kuzaliana ndani ya kichujio. Na ili wazaliane, wanahitaji amonia. Kwa hiyo kila jioni mume wangu, mtu mwenye heshima zake msikitini na kazini, alikuwa akisimama juu ya stuli na kutupia chakula cha samaki ndani ya tangi lisilo na samaki.

Wageni walikuja. Walivua viatu, waliliona kabla hawajamaliza kuvua, kama ilivyokusudiwa. Wakasubiri kwa adabu, wakitazama maji. Jirani mmoja akashindwa kujizuia: "Shemeji, hapa mnafuga nini? Maji?"

"Bakteria," Baba Nuru akajibu kwa fahari.

Wifi yangu akasogeza kiti chake mpaka karibu na mlango. Juisi niliyomletea hakuigusa.

Sasa samaki wenyewe. Hapa nitamtendea haki, kwa sababu kuna jambo moja alilolifikiria. Maji ya kisima chetu ni magumu, yanaacha utando mweupe ndani ya birika, na sabuni haitoi povu mpaka uisihi. Maji ya Ziwa Tanganyika nayo ni magumu na yana alkali nyingi, pH yake inakaribia 9. Baba Nuru ni mtu wa Ujiji. Akaona isiwe tabu, ataleta samaki wa kwao, nao watajiona wako nyumbani. Wazungu wanaagiza samaki hao wa mapambo kutoka Kigoma kwa ndege, wakafika Ulaya ndani ya mifuko ya plastiki iliyojazwa oksijeni. Sisi ni nani tushindwe kuwafikisha Dar es Salaam?

Walipofika walikuwa na urefu wa kidole. Ziwa lile lina zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii ya sato, wengi wao hawapatikani popote pengine duniani. Humo yumo kuhe, ambaye anaweza kuzidi nusu mita. Kati ya hao wote, mume wangu alichagua wale wanaoishi ndani ya makombe ya konokono. Wataalamu wanawaita Lamprologus ocellatus. Kila mmoja hutafuta kombe tupu, hulifukia mchangani mpaka ubaki mdomo wake tu, kisha hukaa mlangoni akigombana na dunia. Akiogopa huingia ndani. Asipoogopa hukaa sentimita chache kutoka pale, akitazama kama kombe lake bado lipo.

Sijui kama umeshapata picha. Tangi lina kimo cha sentimita 120. Samaki wanatumia 15 za chini. Baba Nuru amejenga ghorofa kwa gharama ya kiwanja, wapangaji wote wamechukua vyumba vya chini, na huko juu hakuna hata mmoja aliyepanda kuuliza kodi ni shilingi ngapi.

Nilimwambia, na sikumwambia kwa upole. Akajitetea kwamba Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal, kwa hiyo samaki hawa kina ni asili yao. Nikamtuma Nuru atuthibitishie. Akarudi na habari kwamba oksijeni katika ziwa hilo inaishia mita 100 au 200 hivi kutoka juu, kutegemea uko kaskazini au kusini. Huko chini kwingine kote samaki hawakai. Yaani hata ziwa lenyewe, pamoja na mamilioni yake ya miaka, limeshindwa kuwashawishi samaki kwamba urefu wa kwenda chini ni kitu cha maana.

Ili kuzijaza zile ghorofa tupu akaleta aina nyingine ya ziwa hilohilo, Cyprichromis, samaki wembamba wanaotembea kwa makundi katikati ya maji. Juu walikaa, hilo sikatai. Lakini hao ni samaki wa mwendo. Wanaondoka wote pamoja kwa kasi, sentimita 60, kioo. Wanageuka. Sentimita 60, kioo. Unawaangalia mpaka kizunguzungu kinakushika wewe. Kisha mmoja akaruka nje usiku, tukamkuta nyuma ya kochi. Baba Nuru alisema ni ajali. Mimi namheshimu yule samaki; ndiye peke yake aliyetafuta njia iliyobaki.

Mama mkwe alikuja kututembelea wakati huo. Bibi huyu amekulia ufukweni, ameanika dagaa tangu utotoni, na migebuka anaijua kwa harufu. Alisogeza kiti, akavaa miwani, akawatazama wale wa makombe kwa muda mrefu. Mwanawe alisimama pembeni akingoja sifa.

"Hawa," akasema, "wamekuja Dar kwa nauli ya nani?"

"Yangu, Mama."

Mama mkwe akavua miwani. "Mwanangu, hawa kwetu mtoto akiwavua kwa bahati mbaya tunamwambia awarudishe, watamharibia ndoano." Kisha akanigeukia mimi, kwa sauti ya mtu aliyekubali kwamba malezi yana mipaka: "Na wewe mkwe wangu, ukimaliza usafi wa huko, kuna chakula humu ndani?"

Ukimaliza usafi. Hapo ndipo tunafika kwenye urefu wangu.

Enzi za uchumba, ndugu zake Baba Nuru walinong'ona kwamba bi harusi amemzidi bwana kimo, na picha zikapigwa nimekaa. Miaka yote hii urefu wangu umekuwa jambo la kutajwa kwa chini. Tangu tangi liingie umekuwa kipaji. "Mama Nuru, wewe unafika." Ndivyo anavyosema. Kuna mwani umeota kwenye kioo: wewe unafika. Jiwe limeanguka: wewe unafika. Amejaribu mwenyewe akiwa juu ya stuli, maji yakamfika kwapani, na vidole vyake vikaishia katikati ya ghorofa. Dada wa kazi nilipomtupia jicho tu alisema, "Mama, mimi niliajiriwa kwa ajili ya watoto," na kwa mujibu wa mapatano yetu yuko sahihi.

Lakini hata mimi sifiki. Mkono wangu wote, na bega, na sikio moja likiwa majini, unakwenda sentimita 75 hivi. Zinabaki 45, na ndizo zenye wale samaki wa makombe. Halafu maji yenyewe yanadanganya: ukitazama kutoka juu, kina cha 120 kinaonekana kama 90, kwa hiyo kila mara unaamini umebakiza kidogo tu.

Suluhisho lilitoka kwenye kikundi chetu cha akina mama, bila wao kujua. Tuna vyombo vya shughuli, na mwaka huu zamu ya kuvitunza ni yangu. Kuna mwiko wa pilau, ule wa sufuria kubwa za harusi, wenye mpini unaozidi mita. Nilifunga dodoki kwenye ncha, nikasugua. Bila sabuni, maana sabuni ingeua kila kitu, pamoja na bakteria tuliowalea kwa wiki zote zile. Kazi ilikwenda vizuri, isipokuwa wale samaki wadogo hawakutaka kusafishiwa. Mmoja alitoka kwenye kombe lake, samaki wa urefu wa kidole, akaushambulia mwiko wa watu mia tatu. Wiki iliyofuata kukawa na shughuli mtaani. Mwiko niliusugua kwa majivu, kwa ndimu, kwa maji ya moto. Pilau lilisifiwa. Mimi nilikula wali mweupe.

Mwani huo nao una kisa chake. Taa ya tangi iko juu. Majani yaliyopandwa chini, vallisneria, marefu na membamba, ndiyo kitu pekee mle ndani kinachostahili kimo kile. Yanaweza kuzidi mita moja. Lakini mwanga unapungua kadiri unavyoshuka, majani yakadhoofika, Baba Nuru akaongeza taa. Mwanga ukafika chini kwa shida, na huku juu, ulikojaa, kioo kikawa kijani kama kanzu ya maulidi. Akitaka majani ninapata mwani. Asipotaka mwani anakosa majani. Kwa vyovyote, mimi ninafika.

Kubadilisha maji ni kila wiki, karibu robo, yaani lita 100. Kuyatoa ni raha, nakiri. Unaingiza mpira, unayavuta kama wanavyovuta petroli, na kwa kimo kile yanatoka kwa kishindo; ndiyo huduma pekee ambayo urefu wa tangi umenifanyia. Migomba yangu ya uani inakunywa maji yenye nitrati na imenawiri kuliko ya mtaa mzima. Kuyarudisha ndiyo kazi: ndoo 5 za lita 20, kila moja inapandishwa mpaka juu ya paji la uso, imiminwe taratibu ili makombe yasifukuliwe. Baba Nuru huwa anakuwepo. Anashika tochi. Anasema anaangalia kama samaki wana msongo wa mawazo.

Na umeme. Pampu ya hewa ya kwanza aliyonunua ilitoa mapovu mazuri kwenye beseni. Ikawekwa chini ya tangi, kimya. Fundi alikuwa ameshasema: hewa nayo lazima iyashinde maji yote yaliyo juu yake, na ile pampu ndogo haikuwa na ubavu huo. Akanunua kubwa, inayonguruma usiku kucha, akaiweka sakafuni. Umeme ulipokatika, maji yakarudi kwa mrija uleule wa hewa, yakapita kwenye pampu, yakaja kwenye zulia. Kuna kidude kidogo cha kuzuia maji yasirudi, bei yake ni kama ya soda mbili. Sasa tunacho. Zulia hatuna.

Lakini kidude hakileti oksijeni. Joto la Januari likipanda na maji yakafika nyuzi 30, oksijeni inayoweza kukaa humo ni miligramu 7.5 hivi kwa lita, wakati kwenye nyuzi 25 ingezidi 8. Na mlango wake wa kuingilia ni kile kipande cha juu tu, sentimita 60 kwa 60, nusu ya kile alichotushauri mtoto wa kidato cha tatu. Kwa hiyo umeme ukikatika saa nane usiku, mtu anapaswa kusimama juu ya stuli gizani, achote maji kwa kopo na kuyamimina tena kutoka juu, achote na kumimina, ili hewa ichanganyike. Mtu huyo awe anafika.

Juzi nilimkuta amekaa mbele ya tangi, amejishika kidevu. Nikafikiri ameanza kunielewa. Akaniambia amegundua tatizo: si tangi, ni samaki. Hawa wa Tanganyika tutawapeleka dukani. Kuna samaki wa Amazon, malaika wanawaita, bapa, wenye mapezi marefu ya juu na chini, walioumbwa kabisa kwa ajili ya tangi la kusimama. Wataenea kila ghorofa. Kitu kimoja tu: wao hawapendi maji magumu ya kisima. Wanataka maji laini, kama ya mvua.

Lita 432 za maji ya mvua. Masika haiko mbali, na jana ameniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama yale mabeseni yangu ya kufulia yana kazi mwezi wa Aprili.